Miji ya Usiku na Wachoraji Wake

Karibu na Kendu Bay, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, kuna ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji, na kwamba usiku mmoja wanakijiji walikuwa kwenye karamu ya pombe, ngoma ikirindima, alipotokea bikizee mchovu akiomba mahali pa kuota moto na cha kutia kinywani. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Huyo akaokoka, na kijiji kikamezwa na maji pamoja na walevi wake. Hadithi hii haina tarehe wala mtunzi, lakini ina mahali. Msikilizaji akitaka hufunga safari, akasimama ukingoni na kuyatazama maji yaleyale. Vivyo hivyo katika nyanda za Kano huonyeshwa jiwe linalosemekana kuwa ndilo mwili wa shujaa Lwanda Magere, na kwenye mlango wa mto Tana watu wa Ozi na Kipini wameonyesha, kizazi baada ya kizazi, kaburi la Fumo Liyongo. Kuzuru mahali pa hadithi, basi, si jambo la kuletwa kwetu na wageni. Wala si jambo la kuletwa kuona kwamba usiku wa starehe unastahili kusimuliwa, hata kama msimulizi wa kale aliusimulia ili kuonya.

Siku hizi desturi hiyo imevaa sura nyingine. Huko Tokyo, mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, huenda Kabukicho, mtaa wa baa na taa za rangi ulioko Shinjuku, wakitafuta kona, ngazi na mabango waliyoyaona kwenye filamu. Kijana wa Sio Port, bandari ndogo ya Samia karibu na mahali mto Sio unapoingia Ziwa Viktoria, akiwa na simu na bando la kutosha anaweza kuzitambua kona hizo kwa macho ingawa hajawahi kupanda ndege. Kabukicho haijui Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda ulio jirani na bandari hiyo. Hata hivyo historia za miji hii miwili zinafanana kwa namna ambayo wanahistoria hawajaijali sana, na mahali zinapoachana ndipo penye funzo.

Mnamo 1698 serikali ya ukoo wa Tokugawa iliruhusu kituo kipya kifunguliwe kwenye barabara kuu ya Koshu, magharibi mwa Edo, jiji linaloitwa Tokyo leo. Kiliitwa Naito Shinjuku. Kazi yake ilikuwa kubadilisha farasi, kupumzisha wapagazi na kuwalaza wasafiri. Penye msafiri aliyelazwa pakawa na chakula, penye chakula pakawa na pombe, na nyumba za wageni zikaajiri wanawake ambao kazi yao haikuwa kupakua wali peke yake. Wakubwa walikereka. Mwaka 1718 kituo kilifungwa, kikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi kilipofunguliwa tena mwaka 1772, kwa kuwa barabara ilikihitaji. Kisha kikapata bahati ambayo vituo vingi vya dunia havikuipata: mchoraji. Katika mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za Edo, uliochapishwa kati ya 1856 na 1858, Utagawa Hiroshige alikichora Naito Shinjuku kutoka nyuma ya farasi. Mbele kabisa ya mtazamaji kuna makalio ya farasi, kwato zilizovishwa viatu vya nyasi, na mavi yake chini. Mbali kidogo ndiyo nyumba na watu. Hakuuremba mtaa huo, wala hakuulaani. Aliuweka kama ulivyokuwa, na watu walizinunua picha hizo, wengine wakizitumia kama mwongozo wa matembezi.

Afrika Mashariki ya karne ya 19 nayo ilikuwa na vituo vyake. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka Mombasa na Pangani ilifika Wanga, kwa Nabongo Mumia aliyetawala tangu 1882, na hapo wapagazi walikaa majuma kadhaa wakinunua nafaka kabla ya kuelekea Busoga na Buganda kupitia nchi za Samia na jirani zake. Samia yenyewe ilisifika kwa chuma: majembe ya wahunzi wake yaliuzwa mbali na kulipwa mahari. Kambi ya msafara ilikuwa mji wa muda, wenye moto, pombe ya mtama, masimulizi, ugomvi na mapatano ya usiku. Lakini hakutokea mtu aliyeketi kuuchora. Walioandika walikuwa wapita njia wenye haraka. Mwaka 1885 Joseph Thomson alichapisha jijini London kitabu cha safari yake ya kupita Umasai hadi nchi hizi. Mwaka huohuo H. Rider Haggard alichapisha riwaya yake ya migodi ya Mfalme Sulemani, na Askofu James Hannington, aliyekuwa amepita njia ya Mumias, makao ya Nabongo huyo, aliuawa Busoga. Wasomaji wa Ulaya walipata mambo matatu kwa mara moja, taarifa, ndoto na shahidi wa dini, na yote matatu yaliwaambia kwamba bara hili ni nyika na hatari. Mwaka huohuo pia, kwa sadfa tu, stesheni ya reli ya Shinjuku ilifunguliwa.

Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu, mwezi Desemba 1901, ilibadilisha mahali pa kungojea. Bidhaa za Uganda sasa zilivuka ziwa kwa meli, na barabara ya misafara ikaota majani. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki. Watu wa Samia waliolala chini ya utawala wa Entebbe wakaamka chini ya utawala mwingine, huku ndugu zao wakibaki ng'ambo ya mpaka. Makao ya serikali yaliondoka Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920. Njia mpya ya reli, iliyopita Eldoret na Tororo, ilifika Kampala mwaka 1931, na Malaba ikawa kituo cha mpakani. Busia haikupata reli. Ilipata barabara, na baadaye barabara hiyo ikaja kuwa na uzito kuliko reli. Katika miongo hiyo mitatu msingi wa miji ya mpaka uliwekwa: mstari uliochorwa ofisini, afisa wa forodha aliyekaa kwenye mstari huo, na msafiri aliyelazimika kusimama mbele yake.

Wakati huohuo kamera za sinema zilikuwa zimewasili, na zilitafuta ileile nyika ya Haggard. Filamu ya Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931, ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mwaka 1951 John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga The African Queen huko Kongo na kwenye bandari ya Butiaba, Ziwa Albert. Hatari!, iliyoonyeshwa mwaka 1962, ilipigwa Momella chini ya Mlima Meru, na mwigizaji wake Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda kiasi cha kununua shamba hapo. Filamu hizi zilizaa utalii wa kweli. Hata leo kuna wageni wanaokwenda Momella wakiwa na John Wayne kichwani. Lakini ziangaliwe kwa makini. Butiaba ilikuwa bandari yenye makuli, mafundi wa meli na maduka, na katika filamu haimo. Kamera iligeuzwa ikaelekea majini na misituni, na mji ukabaki nyuma ya mgongo wa mpiga picha.

Shinjuku katika miaka hiyo ilikuwa majivu. Mabomu ya 1945 yaliiteketeza, na soko la magendo likachipuka kando ya stesheni kabla hata vifusi havijazolewa. Mkuu mmoja wa mtaa, Suzuki Kihei, alipanga kujenga upya kwa kuweka katikati jumba la tamthilia ya kabuki, na mwaka 1948 mtaa ukapewa jina la jumba hilo. Jumba halikujengwa kamwe. Jina lilibaki, na badala ya kabuki zikaja sinema, ukumbi wa Koma mwaka 1956, kisha baa na vilabu. Sheria ya kupiga marufuku ukahaba, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 1958, haikuzima biashara ya usiku. Iliipanga upya, ikaipa majina mapya. Vichochoro vya Golden Gai, vyenye baa ndogo ambamo wateja kumi hubanana, vikawa maskani ya waandishi, waigizaji na wachoraji. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko taa zote za Kabukicho: wachoraji walikunywa hapohapo. Walipokuja kuuchora mtaa, hawakuuchora kwa kusikia.

Kwa Kenya, Wajapani walichora kwa kusikia. Tangu 1951 hadi 1955 gazeti moja la Tokyo lilichapisha hadithi ya picha ya Soji Yamakawa, Shonen Kenya, juu ya mvulana wa Kijapani anayetengana na baba yake nchini Kenya vita vinapozuka mwaka 1941, akatangatanga porini pamoja na mzee wa Kimasai. Watoto wa taifa lililoshindwa vita waliipenda mno. Osamu Tezuka alikuwa ameanza mwaka 1950 hadithi yake ya mwanasimba mweupe, ambayo mwaka 1965 ilikuwa mfululizo wa rangi kwenye televisheni ya Japani. Shonen Kenya nayo ikafanywa filamu ya anime mwaka 1984, chini ya mwongozaji Nobuhiko Obayashi. Hapa basi ndipo anime na Kenya vilipokutana, na shabiki anayetaka kuzuru mahali pa filamu hiyo hana pa kwenda. Kenya yake ina joka kubwa na haina kituo cha basi.

Walioyatia majiji yetu ya usiku kwenye kurasa ni waandishi wetu wenyewe, na walianza mapema kuliko inavyodhaniwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa mpelelezi wake Bwana Msa kitabuni mwaka 1960. Faraji Katalambulla aliandika Simu ya Kifo mwaka 1965, na Dar es Salaam ikapata simu zake, magari yake na hofu zake. Nairobi ilimpata Charles Mangua mwaka 1971, kisha Meja Mwangi, ambaye mwaka 1976 alitoa riwaya ya vibarua wa mjengo wanaoshuka River Road kila jioni kuusahau mchana wao. Ben Mtobwa alifuata mwaka 1990 na Dar es Salaam Usiku, jina lisiloficha kitu. Msomaji wa Meja Mwangi angeweza, na bado anaweza, kuanzia Tom Mboya Street akateremka River Road akiwa na kitabu mkononi. Wachache wamefanya hivyo. Sababu nadhani ni mbili. Maneno humpa msomaji harufu na sauti ya mtaa, lakini hayampi kona hasa ya kusimama, picha humpa. Na ya pili ni hii: tuliozaliwa na kulelewa huku tulifundishwa kwamba River Road ni mahali pa kupita upesi ukiwa umeushika mfuko, si mahali pa kumpeleka mgeni.

Katika miaka hiyohiyo mpaka wa magharibi uliingia katika enzi yake ya joto kali, na hapa inafaa tukae kidogo. Idi Amin alitwaa serikali Januari 1971. Agosti 1972 akawafukuza Waasia. Viwanda na maduka ya Uganda yakafifia, sabuni, sukari na chumvi zikawa adimu. Februari 1976 akadai hadharani kwamba sehemu za magharibi ya Kenya ni za Uganda. Kisha hali ya hewa ya Brazili ikaingilia kati: baridi kali ya Julai 1975 iliua mikahawa ya huko, bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi, na kahawa ya Uganda, ambayo serikali ya Amin iliinunua kwa shilingi isiyonunua kitu, ikaanza kuvuka mpaka kimagendo. Soko la Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, likawa mji wa miaka michache wenye utajiri wa ajabu. Kwenye ziwa, mitumbwi ilivuka gizani, na Amin akamweka Mwingereza Bob Astles kuongoza kikosi cha kuiwinda. Fukwe za Samia na Bunyala zilipokea kahawa na kurudisha sabuni. Fedha iliyopatikana usiku ikatumiwa usiku, kwa kuwa aliyeipata hakuwa na hakika ya kesho. Baa zenye santuri za rumba ya Kongo zikajaa watu waliokuwa wakulima mwaka uliotangulia. Bei ya kahawa iliposhuka na Amin alipoangushwa mwaka 1979, Chepkube ilizimika. Busia haikuzimika, maana ilikuwa na kitu ambacho Chepkube haikuwa nacho, yaani barabara kuu na afisa wa forodha.

Enzi hiyo pia iliacha ubunifu mmoja uliokuja kuenea Afrika Mashariki. Kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na sehemu ambayo magari ya abiria hayakuvuka, na katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia wenye baiskeli walianza kuwabeba watu na mizigo kati ya vizuizi hivyo. Bodaboda ni mtoto wa kungojea, sawa na baa na nyumba ya wageni. Wakati huo hakuna aliyeona kwamba hilo lilistahili picha.

Picha za kwanza za usiku wa Busia na Malaba hazikuwa za wasanii. Uganda ilianza kuuona UKIMWI mwaka 1982 katika wilaya ya Rakai, kwenye kijiji cha wavuvi na magendo cha Kasensero. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984. Watafiti wakaifuata barabara kuu kutoka Mombasa, wakihesabu malori, madereva, utingo na wanawake wa vituoni. Kazi yao ilikuwa ya lazima na iliokoa maisha. Lakini matokeo yake ni kwamba mtaa mzima uliingia kwenye kumbukumbu za dunia kama ramani ya maambukizi. Desemba 1987 ukaingia tena, safari hii kama uwanja wa vita, majeshi ya Kenya na Uganda yaliporushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Wakati huohuo Nairobi ilikuwa inavuna sinema: Out of Africa ya Sydney Pollack ilitoka mwaka 1985, na nyumba ya Karen Blixen, ambayo Denmark iliipatia Kenya wakati wa uhuru, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1986. Ni ziyara ya hadithi iliyo maarufu kuliko zote nchini. Hata hivyo, ili kuonyesha mitaa ya Nairobi ya zamani, watengenezaji walijenga mji wa bandia. Nairobi yenyewe, ile ya watu kufinyana, haikuhitajika.

Mabadiliko yaliingia kupitia kibanda. Mashine za video za miaka ya 1980, jenereta, na baadaye diski za bei nafuu, ziliijaza miji midogo vibanda vya video vyenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni. Filamu za Hong Kong, Bombay na Hollywood, na hatimaye anime, zilifika kwa lugha zisizoeleweka, ndipo akazaliwa msimulizi. Kampala ilipata ma-VJ wake, akina Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda juu ya sauti ya filamu. Dar es Salaam ilimpata Lufufu. Kenya ikampata DJ Afro. Kwenye mpaka mtazamaji hupata wote wawili, wa Kampala na wa Nairobi, na huchagua kwa ladha kama anavyochagua samaki. Msimulizi huwapa wahusika majina ya huku, huwatania, huihamisha Shanghai hadi Katwe ya Kampala. Lilikuwa zoezi refu la kuifanya picha ya mbali iwe ya karibu, na miaka ishirini ya zoezi hilo ilizaa kitu kisichotarajiwa.

Kitu hicho ni Wakaliga, mtaa duni wa Kampala. Isaac Nabwana, aliyeanzisha studio yake hapo mwaka 2005, alitengeneza mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex?, bunduki zake zikiwa za mabomba na mbao, waigizaji wake majirani, na VJ Emmie akisimulia na kutania juu yake mwanzo hadi mwisho. Dondoo zake zilienea kwenye intaneti. Mmarekani Alan Hofmanis alizitazama New York, akapanda ndege kwenda kuutafuta mtaa huo, na mwishowe akahamia. Wengine wakafuata kutoka mabara mengine, wakitaka kuona ua ambamo helikopta ya bati ilitengenezwa na, ikiwezekana, wauawe mbele ya kamera kabla ya kurudi kwao. Katika Afrika Mashariki huu ndio mfano ulio karibu kabisa na ziyara za anime: si mbuga wala nyumba ya mlowezi iliyowavuta watu hao, ni uchochoro wenye mtaro wa majitaka, uliozuriwa kwa sababu wenyeji wake waliupiga picha kwa mapenzi.

Japani ilikuwa imeifikia hatua hiyo kwa njia ya kiwandani zaidi. Studio za anime zilizoea kutuma wachoraji wa mandhari kupiga picha mitaa halisi, kisha kuichora upya nyaya za umeme, mashine za vinywaji na nyufa za ukuta. Watazamaji walipozitambua sehemu hizo walianza kuzifuata. Mwaka 2007 mfululizo wa Lucky Star ulichora hekalu la Washinomiya, mkoani Saitama. Waliozuru hekalu hilo mwaka mpya wa 2007 walikuwa takriban 130,000, na mwaka mpya uliofuata walifika 300,000. Wafanyabiashara wa mji huo walichapisha bidhaa, wakawakaribisha wahusika wa katuni katika tamasha lao la kale. Ziyara hizi zilipewa jina lilelile la hija, na chama cha utalii wa anime kilichoundwa mwaka 2016 kiliteua vituo 88, idadi ya mahekalu ya hija kongwe ya kisiwa cha Shikoku. Mwaka huohuo filamu ya Makoto Shinkai, Your Name, ilizileta halaiki kwenye ngazi za hekalu la Suga, wilayani Shinjuku. Mwaka 2019 Shinkai aliingia Kabukicho kwenyewe kwa Weathering with You, akimfuata mvulana mtoro kutoka kisiwani anayelala mitaani chini ya mvua isiyokoma. Jengo kuukuu la Yoyogi alilolichora kama lango la mbinguni lilianza kubomolewa mwaka huohuo filamu ilipotoka, hivyo baadhi ya mashabiki walilikuta limezungushiwa uzio. Shinjuku, ambayo kituo chake kilifungwa na watawala mwaka 1718 kwa kukosa adabu, sasa inatumika kuitangaza nchi. Kile kilichobadilika kati ya farasi wa Hiroshige na mvua ya Shinkai ni chombo tu. Jicho ni lilelile, la mtu anayeona kwamba takataka za mtaa ni sehemu ya mtaa.

Kwetu jicho hilo limeanza kufunguka. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, mwaka 2012, ilimfuata kijana wa mashambani anayeporwa siku ya kwanza anapoteremka mjini, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya lugha za kigeni. Katika katuni, Nairobi ilijenga ujuzi wake kwa Tinga Tinga Tales mwaka 2010, na mwaka 2023 mkusanyo wa filamu fupi za Kiafrika uitwao Kizazi Moto ukamchukua Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Mikono ipo, basi, pande zote mbili za mpaka. Inaelekea zaidi kwenye miungu, nyota na Afrika ya kesho. Si vibaya, ila mtu hawezi kufunga safari kwenda kesho.

Na Busia? Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, malori yakaongezeka hadi foleni ya Malaba ikawa kama mtaa mwingine wenye wapishi, wauza maji na wakopeshaji wake. Februari 2018 Marais Museveni na Kenyatta walizindua huko Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo dereva hukaguliwa mara moja badala ya mbili, na saa za kungoja zikapungua sana. Miaka miwili baadaye korona ilizirudisha zote: Mei 2020 foleni za madereva waliongojea kupimwa zilifikia makumi ya kilomita. Uganda ilifunga baa zake Machi 2020 na haikuzifungua hadi Januari 2022, ikawa kwa karibu miaka miwili upande wa Sofia, yaani Busia ya Uganda, hauna usiku kisheria, na upande wa Marachi, ule wa Kenya, unakwenda kwa amri za kafyu za Nairobi. Wenyeji walivuka kufuata upande uliokuwa na nafuu wiki hiyo, kama walivyovuka babu zao kufuata sabuni.

Sio Port haikupata kituo cha pamoja wala foleni. Usiku wake huongozwa na kitu cha kale kuliko forodha. Omena huvuliwa katika giza la mwezi, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za jua. Mbalamwezi inapotanda samaki hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi hukaa nchi kavu, na hapo ndipo vilabu na mabanda ya kuchoma nyama hupata wateja. Mchoraji atakayekuja huku kutoka Nairobi, Kampala au Tokyo itambidi atazame kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi, maana akikosea wiki atakuta wahusika wake wote wako majini. Akitaka kuchora pande zote mbili za Busia atahitaji pia ruhusa ya serikali mbili kwa mtaa mmoja, jambo ambalo kituo cha pamoja bado hakijalirahisisha, na kwa hiyo atakaa siku kadhaa katika nyumba ya wageni karibu na kizuizi akingojea karatasi zake pamoja na madereva.